MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, wazazi na vijana wa Busia na Tororo

Bismillahi.

Bwana Mwenyekiti, masheikh wenzangu, mahaji na mahajati, wazee wetu waheshimiwa, kina mama, na ninyi vijana mliosimama milangoni kwa kukosa viti:

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya vijana na kazi. Najua wengi wenu mlitazamia kusikia khabari za biashara ya mpakani, au za malori, au za kiwanda cha saruji cha Tororo. Hayo yote ni ya haki, na wapo wanaoyajua kuliko mimi. Lakini leo nataka kusema juu ya mchezo wa tenisi. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mtasema, Sheikh ana nini na mpira mdogo wa kurushiana juu ya wavu? Nistahimilieni kidogo, kwani ndani ya khabari hii mna jambo linalotuhusu sote tulio na watoto.

Wazee wetu walituachia methali: mcheza kwao hutunzwa. Sote twaitumia, lakini tuitazame vizuri. Katika ngoma, mchezaji hutunzwa lini? Hutunzwa angali akicheza, jasho likimtoka. Ndipo watu hujitokeza mmoja mmoja, huyu na shilingi yake, yule na leso yake. Hakuna anayengoja ngoma imalizike, watu watawanyike, mchezaji apate sifa katika miji mingine, ndipo amfuate barabarani kumpa tunzo. Basi nitawasimulia khabari za mchezaji mmoja, nanyi mtapima wenyewe kama tunaifuata methali hii au twaisema tu.

Katika mji wa Nairobi, tarehe 29 Januari, mwaka 2004, walizaliwa watoto pacha wa kike. Mmoja wao ndiye Angella Okutoyi, jina ambalo si geni masikioni mwa watu wa magharibi ya Kenya. Mama yao alifariki katika uzazi ule ule. Watoto wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi katika shule moja ya Nairobi. Shule ile ilikuwa na kiwanja cha tenisi, na watoto wale wakaanza kushika raketi wakiwa wadogo sana, wa umri wa miaka minne hivi. Binti huyu si wa dini yetu, na sikumtaja kwa sababu hiyo. Nimemtaja kwa kuwa ni yatima aliyelelewa na mzazi wa mzazi wake, na sisi katika umma huu twamjua Yatima mwingine, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliyelelewa na babu yake Abdul-Muttalib. Hatuna haki ya kusikia khabari ya yatima tukageuza uso.

Mtoto yule alipoonyesha kipawa, watu kadha wa kadha waliweka mikono yao. Bibi alitoa malezi. Walimu wa mchezo walitoa muda wao. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilikuwa na kituo cha kufundishia vijana mjini Bujumbura, Burundi, naye akapelekwa huko akiwa mtoto, mbali na bibi yake, akaishi kati ya watu aliokuwa hawajui. Mwaka 2021 akawa bingwa wa Afrika wa vijana walio chini ya miaka 18. Mwezi Januari 2022 akacheza katika mashindano makubwa ya vijana huko Melbourne, Australia, akashinda michezo miwili na kufika raundi ya tatu. Kabla yake hapakuwa na msichana wa Kenya aliyepata kushinda hata mchezo mmoja katika daraja lile.

Mwezi Julai mwaka ule ule, huko Wimbledon, Uingereza, alicheza wawili wawili pamoja na msichana wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp. Katika fainali waliwakabili Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Akina Okutoyi walishindwa seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na katika kipindi cha kuamulia wakashinda kwa 11-9. Basi binti wa miaka 18 akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano yale makubwa manne ya tenisi duniani. Magazeti yakaandika, wakubwa wakapeleka salamu, picha zikaenea.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka tusimame. Watu wengi hudhani kuwa siku ya picha ndiyo siku ya kufika. Kumbe kwa mchezaji kijana siku ile ndiyo mwanzo wa taabu. Mashindano ya vijana huwa na wafadhili, na mara nyingine nauli hulipwa na shirikisho. Lakini ukiisha mwaka anaotimiza miaka 18 mlango ule hufungwa, naye husimama mbele ya mlango mwingine, ule wa wachezaji wa kulipwa, ambako nauli, chakula, kitanda na mwalimu ni juu yake mwenyewe.

Nieleze jinsi kazi hiyo inavyokwenda, maana wengi hawaijui. Mchezaji wa tenisi hana mwajiri wala mshahara. Kila wiki yapo mashindano katika nchi mbalimbali. Anayeshinda hupata alama na fedha, na alama zile ndizo zinazompandisha katika orodha ya dunia. Asiye na alama hawezi kuingia katika mashindano makubwa. Kwa hiyo yampasa aanzie chini, katika mashindano ambayo fedha zake zote pamoja ni dola 15,000. Katika miaka ya karibuni mashindano ya namna hiyo yamefanywa kwa wingi Monastir katika Tunisia na Sharm el-Sheikh katika Misri. Msidhani dola hizo 15,000 humwendea mtu mmoja. Bingwa hupata kiasi cha dola 2,000 na kidogo. Na anayeshindwa mchezo wake wa kwanza hupata kama dola 150. Hebu nanyi pigeni hesabu: nauli ya ndege kutoka Nairobi au Entebbe, hoteli siku saba, chakula, nyuzi za raketi. Dola 150 zitafika wapi?

Mwaka 2018 tume huru iliyoundwa kuchunguza mchezo huu ilieleza kwamba kati ya wachezaji wapatao 15,000 wanaohesabiwa kuwa ni wa kulipwa, ni 250 hadi 350 tu wanaopata fedha za kutosha kufidia gharama zao, na hapo hata mshahara wa mwalimu haujahesabiwa. Maana yake ni kwamba katika kila mia, wenye kufidia gharama zao hawazidi wawili na ushei. Waliobaki wanabebwa na baba tajiri, au na serikali, au na madeni.

Na penye njaa hapakosi mwindaji. Tume ile ile ilionyesha kuwa uhaba huu ndio unaowafungulia njia wenye kucheza kamari. Humwendea kijana aliyeshindwa kulipa hoteli, wakamwambia, poteza seti moja tu, nasi tutakupa fedha kuliko za bingwa. Wapo waliokubali, wakagunduliwa, wakafungiwa mchezo maisha yao yote. Mimi sina haja ya kuwaeleza hukumu ya kamari katika dini yetu, nanyi mwaijua. Nataka tu mjue kwamba kamari haikai katika vile vyumba vya kubashiria vilivyojaa mjini mwetu peke yake; humfuata kijana hadi kazini kwake, na humpata kwa urahisi zaidi yule aliyeachwa peke yake bila msaada wa watu wake.

Angella Okutoyi hakuingia moja kwa moja katika bahari ile. Mwaka 2023 aliingia Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama, Marekani, akawa mwanafunzi na mchezaji wa timu ya chuo. Si yeye wa kwanza kuipita njia hii. Kabla yake alikuwako Paul Wekesa, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1967, ambaye alisoma Chapman College huko California, kisha akawa mchezaji wa kulipwa, akafika katika mia ya kwanza ya wachezaji wa dunia na kushinda mataji ya wawili wawili. Kwa hiyo njia ipo, na imekwisha kukanyagwa na mtu wa nchi hii.

Chuo humpa mchezaji nini? Humpa karo, kitanda, chakula, mwalimu, daktari wa kumtibu akiumia, na kiwanja kila siku. Juu ya yote humpa elimu ambayo mguu ukivunjika haivunjiki. Na hapa nina neno kwa wazazi wenye mabinti. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria ya kukataza kubagua wanawake katika vyuo vinavyopata fedha za serikali, na michezo ikaingia katika hukumu hiyo. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi hadi kufika 2025, kila timu ya tenisi ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa nafasi 8 zilizolipiwa kamili, ilhali timu ya wanaume iliruhusiwa nafasi 4 na nusu tu. Yaani katika mchezo huu mlango wa binti ulikuwa mpana karibu mara mbili kuliko wa kijana wa kiume. Na ni nani kwetu anayenyang'anywa raketi au kitabu kwanza nyumba ikikosa fedha? Ni yule yule binti.

Lakini sitaki kuwapamba mkadhani chuo hakina gharama. Chuo hutoa kwa mkono mmoja na hushika kwa mwingine. Mwanafunzi huchezea timu, na michezo ya timu haimwongezei alama katika orodha ya dunia. Ana masomo na mitihani, basi wiki za kwenda kutafuta alama hubaki chache. Kadhalika kanuni za michezo ya vyuo kwa miaka mingi zilimwekea mwanafunzi mpaka katika fedha za ushindi anazoweza kubaki nazo.

Angalieni lililotokea mwaka 2024. Mwezi Machi, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana, Okutoyi alishinda medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja. Akamshinda Mmisri katika fainali, na mjue Misri katika mchezo huu ni nchi yenye nguvu. Dhahabu ile ilikuwa na ahadi ndani yake, nayo ni nafasi katika Olimpiki ya Paris mwaka ule ule. Lakini palikuwa na sharti: bingwa wa Afrika awe pia ndani ya wachezaji 400 wa kwanza katika orodha ya dunia ilipofika mwezi Juni. Hakuwa amefika huko. Bara zima alikuwa amelishinda, na mlango wa Paris haukufunguka. Hakupungukiwa na ustadi. Alipungukiwa na alama, na alama hupatikana kwa safari, na safari ni fedha.

Sasa mkumbuke lile jina nililolitaja, Victoria Mboko, mmoja wa wale Wakanada walioshindwa katika fainali ya Wimbledon mwaka 2022. Wazazi wake ni watu waliotoka Kongo. Yeye hakwenda chuoni. Alilelewa katika nchi yenye viwanja vya kuchezea hata wakati wa theluji, yenye walimu wengi na mashindano mengi. Alianza mwaka 2025 akiwa nje ya wachezaji 300 wa kwanza, na mwezi Agosti akatwaa ubingwa wa Kanada mjini Montreal, akimshinda Naomi Osaka katika fainali. Mwaka haujaisha, alikuwa ndani ya 20 wa kwanza duniani. Sisemi hayo ili kumdunisha binti wa Nairobi. Nasema ili mpime. Mabinti wawili wenye asili ya Afrika walisimama pande mbili za wavu mmoja, na tofauti yao siku ile ilikuwa ndogo kama 11 na 9. Waliporudi makwao, kila mmoja alikuta nini kinamngoja?

Wengine mtasema, basi kama ni hivyo, kuna faida gani ya kujaribu? Nitawajibu kwa kuwatajia mwanamke wa Tunisia, Ons Jabeur, Mwislamu mwenzetu. Mwaka 2011 alikuwa bingwa wa vijana huko Paris. Alifika fainali ya wanawake ya Wimbledon mwaka 2022, katika mashindano yale yale aliyoshinda Okutoyi kwa upande wa vijana. Hesabuni: ni miaka 11 kutoka taji la mtoto hadi fainali ya mtu mzima, na katikati yake ni majeraha, madaraja ya chini na safari zisizo na picha gazetini. Mzazi anayetaka matunda katika mwaka wa pili hajui aina ya mti alioupanda.

Ndugu zangu, kwetu hapa viwanja vya tenisi ni haba, na sikuja kuwaambia kila mtoto wa Busia anunuliwe raketi. Mfano ni wa tenisi, lakini hukumu ni ya kila kipawa. Yupo mwenye mbio, yupo mwenye mpira wa miguu, yupo mwenye kichwa cha hesabu, yupo mwenye mikono ya ufundi. Wazee mnakumbuka jinsi vijana wa Busia walivyoanza kupakia abiria kwa baiskeli kati ya mpaka na mpaka, wakiita "boda, boda", hata neno hilo likaenea Afrika Mashariki nzima. Kijana yule asiye na kitu hakuipata baiskeli kwa miujiza. Nyuma yake palikuwa na baba, au mjomba, au rafiki aliyemkopesha. Baiskeli ilirudisha fedha jioni ile ile, kwa hiyo kukopesha kulikuwa rahisi. Kipawa hurudisha baada ya miaka, na wengine hawarudishi fedha kabisa, hurudisha elimu na heshima tu. Je, tutakopesha hapo pia?

Basi nina maneno matatu.

La kwanza ni kwa wazazi. Mtoto akionyesha kipawa, msiache masomo yake yalegee kwa ajili ya mchezo, kwani chuo humchukua mwanafunzi, hakichukui mpira peke yake. Wekeni hati ya kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti tayari mapema. Barua ya chuo ikija, msiisome juu juu. Ulizeni: je, msaada huu ni wa kila kitu au ni wa nusu? Ni wa mwaka mmoja au hadi amalize? Akiumia ataendelea kulipiwa? Na msimweke nyumbani muda mrefu baada ya sekondari mkingoja bahati, maana kanuni ya vyuo katika tenisi kwa miaka mingi imekuwa kumpa miezi 6 tu. Akipitisha hapo naye anashindana, alipunguziwa misimu ya kuchezea chuo. Na kwa mabinti: hofu ya ugenini ni hofu ya haki, nami nina watoto. Mfundisheni sala yake na stara yake angali nyumbani, mjue atakaa na nani huko, mwulizeni khabari zake kila wiki. Lakini kumkatisha masomo na kumwoza kwa haraka ili tusione hofu, hiyo siyo hifadhi. Ni kuizika amana hai.

La pili ni kwa vijana. Msimwonee wivu mwenye picha gazetini, maana hamkuiona miaka yake ya Bujumbura. Kazi yoyote mtakayoishika, miaka ya mwanzo itawala zaidi kuliko itakavyowalisha. Wakati huo ndipo mtakapojiwa na watu wenye fedha za upesi. Jibu lenu liwe tayari kabla hawajabisha.

La tatu ni kwetu sisi wazee. Tumezoea kuchangia harusi na mazishi, na hilo ni jema, tusiliache. Lakini nauli ya kijana mwenye barua ya chuo mkononi twaiona kuwa ni shauri la baba yake. Na kama hana baba? Na kama mlezi wake ni bibi mwenye ufagio? Mwaka hauishi ila husikia juu ya mtoto wa upande huu wa mpaka au ule, aliyepata nafasi akaikosa kwa ajili ya nauli au karatasi moja. Hapo hatuwezi kusema ni mipango ya Mwenyezi Mungu hali sisi wenyewe hatukunyosha mkono.

Ndiyo maana nikaanza na methali ile. Angella Okutoyi alitunzwa na bibi yake na walimu wake angali akicheza, na kwa hiyo akafika alikofika. Waliompongeza baada ya Wimbledon walifanya vizuri, lakini walikuja ngoma imekwisha kukolea. Mtoto wetu wa Busia, wa Malaba au wa Tororo anacheza leo, kwenye vumbi, hakuna anayempigia makofi. Huyo ndiye anayengoja tunzo, na wakati wake ni sasa.

Namwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mayatima wetu, awape wazazi moyo mpana, awaepushe vijana wetu na njia za mkato, na atujaalie kuwa katika wale wanaotoa wakati wa kutoa. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.